Mtoto Ana Kichwa, Lugha Inamkwamisha: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Mtwara na Lindi

Nimefundisha Kiingereza katika sekondari za kata kwa miaka mingi, Masasi kwanza, baadaye Nachingwea. Jumamosi asubuhi hukaa na watoto wachache chini ya mwembe. Wengi wanatoka kaya ambazo hela ya kueleweka huonekana mara moja kwa mwaka, korosho zikishauzwa. Wazazi, bibi zao, walimu wenzangu na watoto wenyewe huniuliza maswali yaleyale kuhusu mtoto mwenye kichwa anayekwama kwenye Kiingereza, nami nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa. Unaweza kusoma swali lako tu ukaacha mengine. Nimeyapa namba ili pale jibu linapogusana na jingine nikuelekeze, nisirudie.

## Tuanzie hapa

1. Nitajuaje kama mwanangu ana kipaji, au ni mtoto mtiifu tu anayemaliza kazi za shule?

Nafasi ya kwanza darasani ni dalili mojawapo, lakini zipo nyingine. Msikilize maswali yake. Mtoto anayeuliza kwa nini bei ya mnada imeshuka wiki hii ilhali korosho ni zilezile, huyo mwangalie vizuri. Anayejua chenji kabla mwenye duka hajamaliza kuhesabu, mwangalie. Anayesimuliwa hadithi leo na kesho anaisimulia kwa wenzake akiwa ameibadilisha mwisho, mwangalie huyo kuliko wote, maana ana lugha ndani yake.

Dhiki huficha vipaji. Mtoto wa Newala au Tandahimba anayekosa shule siku mbili kwa wiki akifuata maji atakuwa wa kumi na tano darasani, na huyo wa kumi na tano anaweza kuwa na kichwa kumshinda wa kwanza. Mabinti hujificha zaidi: anajua jibu, hanyooshi mkono, mwalimu anamwandika "mpole" kwenye ripoti, na hadithi inaishia hapo. Mwalimu, ukiona daftari safi la mtoto asiyesema kitu, muulize maswali akiwa peke yake.

2. Darasa la saba alikuwa wa kwanza. Kidato cha kwanza amekuwa bubu. Kimetokea nini?

Kimetokea Januari. Shule za msingi za serikali zilizo nyingi hufundisha kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Kidato cha kwanza mambo yanageuka: Baiolojia, Jiografia, Fizikia, Historia, Hisabati, yote kwa Kiingereza. Mtoto aliyeeleza usanisinuru mwezi Septemba, akajibu mpaka na maswali ya nyongeza, miezi minne baadaye anaambiwa aeleze jambo lilelile kwa maneno asiyokuwa nayo. Anachokijua bado anacho. Kilichopotea ni njia ya kukitoa.

Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha kwamba lugha ya mazungumzo ya kawaida mtoto huipata kwa kama miaka 2, lakini lugha ya kitaaluma, ile ya kusomea na kujengea hoja, humchukua miaka 5 hadi 7. Watoto aliowachunguza walikuwa wakiishi katikati ya wasemaji wa lugha hiyo. Wa kwetu wanakisikia Kiingereza darasani, tena kidogo, na mtihani wa kidato cha nne unawangoja baada ya miaka minne. Ukifanya hesabu hiyo utaacha kumwita mwanao mvivu.

Mwenye kipaji huumia zaidi, kwa sababu hajazoea kutoelewa. Wengine hukasirika, wengine hugeukia kukariri. Anayekariri ndiye ananitia hofu kuliko wote, kwa kuwa alama zake zinabaki nzuri kwa muda na hakuna anayegundua kwamba ameacha kufikiri.

3. Shule si inatoa kozi ya Kiingereza mwanzoni mwa kidato cha kwanza? Haitoshi?

Inasaidia na asiikose hata siku moja. Lakini ni wiki chache tu. Rudi kwenye miaka ya swali la 2.

## Kimakonde, Kimwera, Kiyao na Kiswahili

4. Nyumbani tunaongea Kimakonde. Tuache ili asichanganyikiwe?

Msiache. Mtoto hachanganyikiwi na lugha tatu. Mikoa yetu hii imejaa watu wanaoamka na Kimwera, wanauza sokoni kwa Kiswahili na kwenda kwenye mazishi ya upande wa mama kwa Kiyao au Kimakua. Kinachomdhuru mtoto ni nyumba yenye maneno machache, ambamo anasikia "lete", "nenda", "nyamaza" basi.

Ongea naye kwa lugha unayoimudu kuliko zote, maana ndiyo utakayoitumia kumweleza sababu za mambo. Mtoto aliyezoea kusikia sababu atazitafuta hata kwa Kiingereza.

5. Walimu wanasema Kiswahili ndicho kinachomvuta nyuma. Ni kweli?

Hapana, na nasema hivi nikiwa mwalimu wa Kiingereza. Anayeweza kuandika insha ya kueleweka kwa Kiswahili, yenye hoja inayofuatana na nyingine, anavuka na ujuzi huo. Anayeandika Kiswahili ovyo ataandika ovyo na Kiingereza. Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayowapa watoto wangu wa Jumamosi ni aya moja ya Kiswahili: "Eleza kwa nini mkorosho hupuliziwa salfa." Kila mtoto hapa ameiona salfa, dawa ya mikorosho, tangu akiwa mgongoni kwa mama yake. Akishaeleza kwa mpangilio, ndipo tunaihamishia kwenye Kiingereza.

Tena Kiswahili chenyewe ni mali. Kimekuwa lugha rasmi ya SADC tangu 2019 na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Watu wa kutafsiri na kukalimani watatafutwa, na mtoto aliyekulia pwani ya Kilwa au Mikindani ameshatembea nusu ya safari hiyo.

Mfano wetu wa karibu ni Rais Benjamin Mkapa. Alizaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, akasoma Ndanda, na mwaka 1962 akahitimu Makerere katika somo la Kiingereza. Baadaye alihariri magazeti ya Kiswahili na ya Kiingereza. Watoto wakisikia hivyo hukaa kimya kidogo. Lupaso wanaijua, wengine wana mashangazi huko.

6. Mimi sijui kusoma. Nitamsaidiaje?

Unaweza sana. Jioni, mkiwa jikoni au mkibangua korosho, mwambie akueleze jambo moja alilofundishwa leo, mpaka wewe uelewe. Usikubali "tumesoma Jiografia". Uliza: mlisoma nini humo? Kwa nini iko hivyo? Nani kasema? Mtoto akishindwa kukueleza, amejua mahali ambapo hajaelewa, na hapo umemfundisha bila kushika chaki.

La pili, vitendawili. "Nyumba yangu haina mlango." Akijibu "yai", usimwachie hapohapo. Mwambie akuthibitishie kwamba si boga. Mabishano hayo ya jioni ndiyo mazoezi ya kujenga hoja, na bibi zetu wanayaweza kuliko sisi tuliokwenda vyuoni.

La tatu, mpe muda. Saa moja ya mwanga bila kutumwa. Kwa binti mpe kwa makusudi, kwa kuwa yeye ndiye huitwa kila baada ya dakika tano.

## Kiingereza bila fedha nyingi

7. Tuanze lini kumwandaa?

Mapema kadiri iwezekanavyo, lakini kuna kipindi kimoja cha dhahabu ambacho mikoa yetu hukipoteza kila mwaka. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati kuna zaidi ya miezi mitatu, nayo ndiyo miezi ya kuokota korosho. Mtoto anashinda shambani asubuhi hadi jioni, daftari linatupwa, na Januari anaingia darasani akiwa amesahau hata kile Kiingereza cha kuombea maji alichokuwa nacho.

Sisemi asiokote. Korosho hizo ndizo zitakazonunua sare zake. Nasema apate saa moja jioni. Siku 100, kurasa 2 kwa siku, ni kurasa 200 kabla hajavaa sare ya sekondari. Maneno 5 kwa siku ni maneno 500. Na shambani penyewe pana darasa: ganda, kokwa, bibo, ua, mizani, gunia. Mwaka juzi mtoto mmoja alikuja na karatasi ya mfuko wa saruji ameandika majina ya kila kitu anachokigusa kuanzia alfajiri, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, na pale asipojua ameacha nafasi wazi. Nafasi zilikuwa kumi na moja. Tulizijaza Jumamosi ile.

8. Vitabu tutapata wapi?

Anza na shule yenyewe. Nimeona shule zaidi ya moja ambamo vitabu vizuri vimefungiwa kabatini ofisini vikiwa na harufu ya upya, kwa hofu ya kupotea. Mzazi, nenda kwa mwalimu wa taaluma, omba kwa heshima, jitolee kuandika jina lako kwenye daftari la kuazimia. Walimu wengi hukubali wakiona kuna mtu mzima anayewajibika.

Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bure. Kwa simu janja moja ya mjomba na bando dogo mnaweza kusoma sura moja na kuinakili kwa mkono. Kunakili si kupoteza muda kwa anayejifunza lugha. Maktaba za mkoa zipo kwa walio karibu na mjini. Parokia na madrasa nazo mara nyingine zina rafu moja ya vitabu ambayo hakuna anayeiulizia.

Usinunue madesa ya maswali na majibu kwa mtoto wa kidato cha kwanza. Yatamfundisha kukariri (swali la 2).

9. Asome kitu gani hasa?

Kitu anachotaka kujua mwisho wake. Mimi hutumia sana Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na mifupa hiyo ikabebwa kichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Mjusi mmoja amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Nikiwasimulia kwa Kiswahili wanabisha. Nikiwapa aya fupi ya Kiingereza yenye habari hiyohiyo wanaivamia, kwa sababu wanatafuta ushahidi wa kunishinda. Humo wanakutana na maneno ya mfupa, mwamba, kuchimba, kale, na hawayasahau.

Unaweza kufanya hivyo na Kilwa Kisiwani, ambako Ibn Battuta alifika mwaka 1331, au gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo. Habari ya nyumbani inambeba msomaji hata pale neno linapomtupa, kwa kuwa maana ameshaikisia.

10. Nitajuaje kama kitabu ni kigumu mno?

Tumia vidole. Chagua ukurasa wenye maneno kama 100. Kila akikutana na neno asilolijua anakunja kidole. Vikiisha vitano vya mkono mmoja kabla ya mwisho wa ukurasa, kitabu hicho kiwekwe kando kwa sasa. Wataalamu wa usomaji kama Paul Nation wanasema msomaji anahitaji kuyajua maneno kama 95 hadi 98 kati ya kila 100 ili asome kwa raha na kuelewa. Kwa hiyo mtoto wa kidato cha kwanza akianza na vitabu vya hadithi vya darasa la nne, hajashushwa. Wenye vipaji wana kiburi hapa, hukataa "vitabu vya watoto". Mwambie amsomee mdogo wake kwa sauti. Heshima yake itabaki na maneno yataingia.

11. Simu itamsaidia au itamharibu?

Inategemea mkono ulioishika. Kama ni kitochi, redio yake inatosha: asikilize taarifa ya habari ya Kiswahili, kisha ya Kiingereza ya siku hiyohiyo, atambue habari zilezile. Kama ni simu janja, iwe ya mtu mzima, itumike sebuleni au barazani, kwa muda uliopangwa. Kamusi ya kupakuliwa ambayo haili bando ndiyo programu ya kwanza kuweka.

12. Tuisheni je?

Tuisheni ya kunakili notisi ubaoni haimjengi lugha. Kama ipo ambamo watoto wanaongea na kuandika sentensi zao wenyewe, na unaimudu, sawa. Vinginevyo watoto wanne wenye kitabu kimoja, wakisomeana na kuulizana, wanafika mbali, tena bure. Kwa mabinti: tuisheni ya usiku au ya nyumbani kwa mwalimu wa kiume akiwa peke yake, jibu ni hapana, hata kama mwalimu huyo anasifiwa mtaa mzima.

13. Niuze mikorosho nimpeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza?

Nimeulizwa hivi na baba mmoja akiwa na mnunuzi tayari amekaa barazani. Nilimwomba asubiri mwaka mmoja. Ada hailipwi mara moja, hulipwa miaka saba, na mkorosho ukishauzwa msimu ujao haukupi kitu. Tena si kila shule yenye jina la Kiingereza getini ina walimu wanaokiongea vizuri. Kama ndugu mwenye kipato amejitolea kulipa mpaka mwisho, mshukuru na ukubali. Kama ni kwa kuuza shamba linalolisha kaya nzima, maoni yangu ni kwamba lilinde shamba, ufanye yaliyo kwenye swali la 6 hadi la 10.

## Darasani na kwenye mtihani

14. Anajua jibu kabisa lakini alama hapati. Kwa nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kulijibu, kwa sababu hapa mtoto mwenye kipaji huinuka haraka akionyeshwa.

Chukua pepa yoyote ya zamani. Funika swali lote kwa kiganja, acha neno la kwanza tu. Hilo ndilo linalotoa amri, na watoto wetu hulirukia kwenda kwenye neno wanalolifahamu, mathalani *soil*. Wakiona *soil* wanamwaga kila walichokariri kuhusu udongo. Lakini *list* inataka orodha tu. *Describe* inataka uonyeshe kitu kilivyo, hatua kwa hatua. *Explain* inataka sababu, lazima pawe na "kwa sababu" ndani yake. *Differentiate* inataka vitu viwili viwekwe ubavuni, hiki hivi na kile vile, kwa jambo lilelile. *Account for* ndiyo huwaangusha wengi, maana wanadhani ni habari ya hesabu za biashara, kumbe inauliza kwa nini jambo limetokea.

Nilikuwa na binti mmoja, baba yake mvuvi, aliyepewa swali la *explain* lenye sehemu tatu. Aliandika maneno matatu, yote sahihi, akapata alama 3 kati ya 9. Nilimwita, nikamuuliza kwa Kiswahili kuhusu la kwanza kati ya maneno yake matatu. Alieleza dakika nne bila kupumua, akatoa na mfano wa wavu wa baba yake. Alama sita zote zilikuwa mdomoni mwake. Tulifanya zoezi moja kwa mwezi mzima: kila jibu lazima liwe na sentensi inayoanza na *This is because*. Haikuwa insha nzuri, ila ilikuwa daraja, na mtihani uliofuata alivuka.

Kuna msaada wa bure ambao walimu wengi hawautumii. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, unapatikana kwenye tovuti yake, na ndani yake kuna vipande vya majibu halisi, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Wape watoto jibu bovu walisahihishe. Wanajifunza zaidi hapo kuliko kwa kusifiwa jibu zuri.

Pia yapo maneno ya kawaida yanayovaa nguo nyingine darasani. *Mean* kwenye Hisabati ni wastani. *Volume* kwenye redio ni sauti, kwenye Fizikia ni ujazo. Na upande wetu wenyewe: mizani ya chama cha msingi cha ushirika inasoma kilo, nasi tunasema "uzito wa gunia", lakini Fizikia inaita kilo hizo tungamo, na uzito ni kitu kingine chenye kipimo chake. Mtoto awe na kurasa mbili za nyuma ya daftari kwa maneno kama haya.

15. Makosa gani yanajirudia zaidi, na yanatoka wapi?

Mengi yanatoka kwenye Kiswahili kizuri. Sisi *tunasikia* sauti, *tunasikia* njaa, *tunasikia* baridi, *tunasikia* harufu. Mtoto anaandika *I hear hungry* na darasa linacheka, wakati yeye ametafsiri kwa uaminifu kabisa. "Ameondoka" haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo *he* na *she* zitagongana kwa mwaka mzima. "Mkono" ni *hand* na pia ni *arm*. "Kuazima" ni kuchukua, na wengi huitumia hata kwa kutoa, ndiyo maana *borrow* na *lend* hazikai.

Usimsahihishe yote kwa siku moja. Chagua kosa moja la wiki. Akiandika ukurasa, pigia mstari hilo tu, mengine yaache yapite.

16. Anaona aibu kuongea kwa sababu wenzake humcheka.

Aibu hiyo ni ya kweli, na inawapata zaidi watoto ambao sare yao imefifia na viatu vimeshonwa. Tayari wanajiona wanaangaliwa. Mwalimu, anza na jozi: watoto wawili, dakika mbili, hakuna anayesikiliza mwingine. Kisha wanne. Mbele ya darasa iwe mwisho kabisa. Na kicheko kikitokea, kitengenezee sheria: anayecheka anasimama na kuisema sentensi hiyo kwa usahihi. Mara nyingi naye hawezi, na kicheko kinakwisha.

17. Shuleni kwao anayeongea Kiswahili anavalishwa kibao shingoni. Inasaidia?

Inazalisha ukimya. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza na aliyekatazwa la Kiswahili hana pa kwenda, anafunga mdomo. Nimefanya kazi mahali kilipotumika kibao hicho, na mimi mwenyewe nilikitoa shingoni mwa mtoto na kukivisha kwa mwingine. Najutia. Badala yake tuliweka neno la siku ukutani, na kila atakayelitumia vizuri kabla ya kengele ya kutoka anaandikwa jina. Mwalimu aruhusiwe kueleza dhana ngumu kwa Kiswahili, kisha watoto waiseme kwa Kiingereza.

## Shule za vipaji na gharama

18. Shule za vipaji maalumu anaingiaje? Naweza kuomba?

Wanachaguliwa na serikali kwa kufuata matokeo ya darasa la saba, ambayo ni masomo 6 yenye jumla ya alama 300. Huombi wewe. Zinazofahamika ni Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Msalato ya Dodoma, na Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Hakuna iliyo Mtwara wala Lindi. Kutoka Mtwara hadi Ilboru ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo nauli uianze kuiweka msimu wa korosho wa mwaka huohuo.

Huko atakutana na watoto waliosoma kwa Kiingereza tangu chekechea. Mwambie mapema, ili asije akadhani wamemzidi akili. Muhula wa kwanza atashuka. Akisoma vya kutosha, muhula wa tatu ndio utakaokuonyesha yeye ni nani.

19. Elimu ni bure, kwa nini bado natoa hela?

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Sare, madaftari, chakula cha mchana, nauli na mahitaji ya bweni vimebaki kwako. Kama kaya yako iko kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini wa TASAF, sehemu ya ruzuku inategemea mahudhurio ya watoto shuleni, hivyo hakikisha jina lake linaandikwa vizuri kwenye rejista. Kama haimo, onana na mwenyekiti wa kijiji na ofisa ustawi wa jamii wa kata. Kwa hela kidogo ya ziada, kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili itangulie mkoba mpya.

## Hali za pekee

20. Shule iko mbali, binti yangu amepanga chumba mtaani. Nifanyeje?

Jambo hili ni la usalama kwanza, lugha baadaye. Mtafutie bweni au hosteli, na ikishindikana apangiwe kwa mama anayejulikana, wasichana wawili au watatu pamoja, mlango mmoja na mwenye nyumba. Mpigie simu kwa siku ambazo hajazizoea. Wakiwa watatu wanaweza kukubaliana saa moja ya Kiingereza kila jioni wakipika, na nimeona chumba kimoja kikitoa watatu waliopanda pamoja.

21. Likizo ya Desemba tunampeleka unyagoni. Itamrudisha nyuma?

Mila ni yenu na siiingilii. Ombi langu ni tarehe. Mtoto arudi kabla shule haijafunguliwa, si wiki mbili baadaye, kwa kuwa wiki hizo ndizo za kozi ya swali la 3. Na wazee wakubali kwamba aliyetoka unyagoni bado ni mwanafunzi.

22. Anaongea kama wakili lakini kusoma kunamshinda. Anaweza kuwa na kipaji kweli?

Anaweza. Pima macho kwanza, hospitali ya wilaya inatosha. Kama macho ni mazima na bado herufi zinamkimbia, anageuza *b* na *d*, anapoteza mstari, huenda ana ugumu wa kusoma wa kuzaliwa nao, ambao hauhusiani na akili. Msomee kwa sauti, mwache ajibu kwa mdomo, mpe karatasi yenye tundu la kuonyesha mstari mmoja mmoja. Zungumza na mwalimu wa elimu maalumu wa wilaya. Fimbo haitamfundisha kusoma.

23. Aliacha shule kwa sababu ya ujauzito. Je, mlango umefungwa?

Haujafungwa. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu waliojifungua kurudi katika shule za kawaida. Ipo pia njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambamo mtu hufanya Mtihani wa Maarifa na kuendelea hadi wa kidato cha nne. Wakati yuko nyumbani na mtoto mchanga asipoteze lugha: amwimbie na kumsimulia mwanawe, asome dakika ishirini kila siku anyonyeshapo. Nimemfundisha mmoja aliyerudi, na insha zake zilikuwa na uzito ambao wenzake hawakuwa nao.

24. Amerudi likizo anaongea Kiingereza na mdogo wake. Mimi sielewi, naona kama ananitenga.

Mama mmoja wa Ruangwa aliniambia hivi huku akiangalia pembeni. Nilimuuliza, nyumbani kuna kitu gani kilichoandikwa Kiingereza? Akafikiri, akasema: mfuko wa dawa ya mikorosho.

Jioni ile alimpa mwanawe mfuko ule wa dawa ya ubwiriunga, yaani ukungu wa mikorosho, akamwambia, "Nisomee, miaka yote tunapulizia kwa kukisia." Kijana alisoma, akasita kwenye maneno mawili, akaenda kwenye kamusi, akarudi. Kulikuwa na maelezo ya kipimo, ya kufunika pua na mdomo, na ya siku ambazo mtu asiingie shambani baada ya kupulizia. Baba alitoka ndani akaja kukaa. Walimrudisha mwanzo mara tatu, mara ya mwisho akawatafsiria kwa Kimwera, na bibi akamsahihisha neno moja.